Dhambi Nilizozisahihisha kwa Kalamu Nyekundu

Sista Priska, mkuu wetu wa shule, ameniomba niwaandikie ukurasa mmoja, ninyi walimu wawili mnaochukua darasa langu. Ukurasa mmoja tu, alisema, mambo ya kuwasaidia. Hili ni jaribio la tano. Manne ya kwanza nimeyachana kwa sababu yalianza na maneno kama "ualimu ni wito", na mimi leo nina mafua, nina magunia mawili ya vitabu vya kurudisha stoo, na sina nguvu za kuandika jambo ambalo hata mimi mwenyewe nisingelisoma hadi mwisho.

Nina miaka thelathini na tano na tayari naandika kama mstaafu. Chekeni tu. Nimefundisha hapa miaka kumi na mitatu bila kukanyaga chuo cha ualimu. Nilikuja kushikilia nafasi ya mwalimu aliyekwenda likizo ya uzazi. Yeye hakurudi, na mimi sikuondoka. Sasa kila mwalimu lazima awe na namba ya usajili. Ninyi mnazo. Mimi sina, na Sista hawezi tena kuniombea muda. Kwa hiyo ninyi mna vyeti, nami nina makosa yangu, na hayo ndiyo nitakayowaachia.

Kubwa kuliko yote linamhusu msichana anayeitwa Wamuyu. Kidogo tu nimfungie njia ya Komunyo yake ya kwanza, na nilifanya hivyo nikitaka kila kitu kiwe sawa. Lakini nikianzia hapo mtanikimbia. Acheni nianze na ubao.

Mimi nilijifunza kufundisha kwa kuchungulia. Mwalimu wa darasa la jirani alikuwa haoni ubaya kuacha dirisha wazi, basi mimi nilisimama nje nikijifanya nangoja chaki, nikimsikiliza anavyouliza maswali. Jumamosi nilikuja shuleni peke yangu nikafundisha madawati. Siku moja Sista alinikuta nimeuliza swali la sehemu na asilimia, nimesimama nangoja.

"Yamejibu?" akaniuliza.

"Bado, Sista."

"Basi punguza ugumu kidogo."

Kitu kimoja nilichokipata kwenye Jumamosi zile ni hiki: ukimaliza kuandika ubaoni, nenda ukakae kwenye kiti cha mwisho kabisa, kile cha mtoto, magoti yakikugusa kidevu. Utaona kwamba nusu ya ulichoandika kinang'aa kwa sababu ya dirisha na hakisomeki. Hakuna mtoto atakayekuambia. Watanakili wanachokisia, nawe utawaita wajinga.

Kingine ni cha mwezi wa saba. Ninyi si watu wa huku Endarasha, hamjui ule ukungu. Watoto wanaotoka ng'ambo ya mto wanafika soksi zikichuruzika. Usianze na hesabu. Waambie wavue soksi, zianikwe kwenye nondo za dirisha, wasimame wapige makofi mpaka vidole virudi. Mkaguzi akiingia akakuta soksi ishirini dirishani, mwambie ni somo la mazingira. Mimi nilimwambia hivyo mmoja, akaandika.

Sasa niungame dogo kabla ya kubwa. Nilikuwa nachana kurasa. Mtoto akifuta mpaka karatasi ikatoboka, au akipaka githeri, mahindi na maharagwe ya mchana, kwenye daftari, nilichana ukurasa, nikamwambia aandike upya. Nilitaka mzazi akifungua daftari aone usafi. Miaka miwili nilifanya hivyo, mpaka Sista alipoingia na pipa la taka la darasa langu, akalimimina juu ya meza yangu.

"Hizi ni nini?"

"Kurasa chafu, Sista."

"Umebaki na zile mtoto alizofaulu tu. Sasa utajuaje alikotoka?"

Nilikusanya kurasa zile nikazilainisha kwa kiganja moja moja, kana kwamba zingeweza kurudi mahali pake. Hiyo ndiyo tabia yangu, mjue mapema. Nikiona kitu kimekosewa, mkono unawasha. Ule ukuta wa maadili mtakaoukuta darasani, upendo, heshima, uwajibikaji, uadilifu, umechorwa na mimi kwa rula. Neno "uadilifu" nililirudia siku mbili kwa sababu lilikuwa linainama.

Mambo yamebadilika sana tangu nianze, na sitasema zamani kulikuwa kuzuri. Zamani tuliwapanga watoto wa kwanza hadi wa mwisho, na yule wa mwisho alijua jina lake litasomwa lini. Sasa tunaandika amezidi matarajio, amefikia, anakaribia, yuko chini ya matarajio. Mara ya kwanza Sista aliposoma hizo daraja aliniuliza, "Matarajio ya nani?" Nilidhani anatania. Mtaala huu pia unataka mzazi akae na mtoto, amsaidie kuunda vitu, apige picha, asaini. Ni vizuri kwa mzazi aliye na simu na miwani. Kwa shosho, yaani bibi kwa lugha ya huku, mwenye ekari moja ya viazi na kondoo wanne, ni kazi nyingine juu ya kazi.

Hapo ndipo namfikia Wamuyu.

Alikuwa analelewa na shosho yake. Mama yake alifanya kazi kwenye kinu cha mchele kule Mwea, akija nyumbani Krismasi na siku kubwa. Mimi nilikuwa nimepanda na darasa lile kutoka Gredi ya Tatu hadi ya Nne, kwa hiyo tulikuwa tumezoeana. Alikuwa mtoto wa sauti ndogo na macho yasiyolala. Shosho yake alikuja kila siku ya kufunga shule, amejifunga kitambaa kizuri cha kichwa, akakaa kwenye kile kiti kidogo akiwa amenyooka kama yuko kanisani. Lakini Kiswahili hakukijua, na mimi Kikuyu sikukijua.

Hili nalo ni la kuungama. Baba yangu alikuwa polisi kutoka upande wa Bungoma, akaletwa Nyeri, nami nimekulia kwenye laini za polisi, zile nyumba za askari, pale mjini. Miaka yote hiyo! Nilipokuwa na miaka minane nilijaribu Kikuyu kwenye bomba la maji, wasichana wakacheka mpaka wakamwaga ndoo. Tangu siku hiyo nikafunga mdomo. Nilibaki na maneno ya sokoni: bei gani, nzuri, mbaya, ngoja, pole. Siwezi kufanya kitu nusu, basi nikaona heri nisikifanye kabisa. Wazazi wengi wanajua Kiswahili, kwa hiyo nilijificha vizuri. Kwa shosho wa Wamuyu, mkalimani alikuwa Wamuyu mwenyewe.

"Mwambie shosho," nilikuwa nasema, "sweta inakuja na matope kila Jumatatu. Mwambie kazi ya nyumbani haisainiwi. Mwambie mzazi lazima ashiriki, asimwachie mwalimu kila kitu. Mwambie hesabu zako zinanitia wasiwasi."

Wamuyu aligeuka akasema maneno machache kwa Kikuyu. Shosho alitabasamu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniachia kimfuko cha njegere. Kila mara nilijiambia, mama huyu anajua kupokea ukweli. Wazazi wote wangekuwa hivi!

Sasa sikilizeni nilivyoharibu.

Darasa lilikuwa likijiandaa kwa kitubio cha kwanza, yaani kuungama dhambi kwa padre. Kilipangwa Jumamosi, na Komunyo siku inayofuata, Jumapili. Mwaka uliotangulia mtoto mmoja alikuwa amepiga magoti mbele ya padre, akasahau dhambi zote, akamsomea jedwali la kuzidisha la saba. Alitusimulia mwenyewe. Padre alimwacha amalize. Mimi nikaona ni aibu yangu. Nikaapa kwamba hakuna mtoto wangu atakayekwama tena. Basi, wiki mbili na zaidi kabla ya siku yenyewe, na siku ya kufunga shule ikiwa bado mbele yetu, niliwagawia karatasi nikawaambia waandike dhambi zao ili wazikariri. "Mnamwandikia Mungu," niliwaambia. "Andikeni kwa ukamilifu."

Halafu nikakusanya karatasi.

Naapa sikukusudia. Mkono wangu haujui kupokea karatasi ya mtoto bila kalamu nyekundu. Nilianza na mwandiko, nikaja kwenye mpangilio, na kabla sijajijua nilikuwa natoa alama juu ya kumi. Kulikuwa na "Nilichapa ndugu yangu na mwiko." Kulikuwa na "Nilikula sukari. Nilikula sukari tena." Mmoja alikuwa amevunja amri zote kumi, kwa utaratibu, pamoja na kuua, kwa sababu nilikuwa nimesema ukamilifu. Nilimpa tisa. Ile moja niliiondoa kwa mwandiko.

Karatasi ya Wamuyu ilikuwa fupi. "Mimi hudanganya shosho yangu. Ticha akisema maneno mbaya juu yetu, mimi humwambia shosho maneno nzuri. Nimefanya mara tano. Nitafanya tena siku ya kufunga shule."

Mnajua nilichofanya? Nilizungusha duara kwenye "nitafanya tena", nikaandika pembeni: "Lazima uazimie kutorudia." Nikampa saba.

Kesho yake nilizirudisha, watoto wakaanza kulinganisha alama uwanjani. Sista alisikia kelele akaja.

"Nekesa, umewapa alama?"

"Ndiyo, Sista."

"Za dhambi."

"Za mpangilio, Sista."

Alitazama paa. "Na nani amekuwa wa kwanza?" Kisha uso wake ukabadilika, akaniambia nizikusanye zote, nizichome jikoni sasa hivi, na nilichosoma nisikikumbuke.

Nilizichoma kwenye jiko la Mama Kim, mpishi wetu. Kusahau ndiko kulikonishinda. "Maneno mbaya juu yetu." Maneno gani mabaya? Nilisema sweta. Nilisema hesabu. Nilikuwa nasema ukweli, kwa faida ya mtoto! Na kwa miaka karibu miwili ukweli wangu haukuwa umefika. Kitu kilikuwa kimekosewa, na mkono ukaanza kuwasha.

Siku ya kufunga shule shosho alikuja. Wamuyu alisimama kando yake tayari, kama kawaida. Nami nikamwita Mama Kim kutoka jikoni, akaja akijipangusa mikono kwa aproni.

"Niseme yote, ticha?" akaninong'oneza.

"Yote."

"Hata ya sweta?"

"Hata ya sweta."

Wamuyu alikuwa ameshafungua mdomo. Akamsikia Mama Kim anaanza, akaufunga. Nilitoa orodha yangu moja baada ya nyingine, sweta, sahihi, hesabu, ushirikiano wa mzazi, na Mama Kim akayapeleka kama yalivyo, sauti yake ikishuka kila mara. Shosho aliacha kutabasamu. Aliuliza kitu.

"Anauliza, hiyo sweta imekuwa chafu tangu lini."

"Tangu Gredi ya Tatu," nikasema. Nilijibu kwa usahihi, mnaona.

Shosho alitazama mikono yake, akasema sentensi moja tu. Mama Kim hakutaka kuitafsiri. Nikamhimiza.

"Anasema... ati alikuwa anadhani wewe na yeye ni marafiki."

Shosho akanishukuru, kwa heshima, akainuka. Wamuyu alivua ile sweta akaiweka ndani ya mkoba, na siku hiyo baridi ilikuwa kali. Wakaenda. Njegere za siku hiyo walirudi nazo nyumbani, hakuniachia, na hakika sikustahili hata ganda.

Jumatano ya wiki iliyofuata tuliwaita watoto kwa mazoezi ya kitubio kanisani. Wamuyu alikuja, akasimama kwenye mstari, halafu akatoka akakaa kwenye benchi.

"Wamuyu, rudi laini."

"Siendi, ticha."

"Huendi kwa nini?"

"Sina dhambi."

"Kila mtu ana dhambi."

"Si ulisoma zote? Imeisha."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Nilimpeleka kando, nikamweleza taratibu kwamba padre akisikia dhambi hawezi kumwambia mtu yeyote, hata askofu, hata polisi, hata akitishwa.

"Wewe ulisema tunaandikia Mungu," akaniambia. "Halafu shosho akajua."

Mtoto wa miaka kumi. Sikuwa na kalamu ya kusahihisha hilo.

Asipokwenda Jumamosi, Jumapili asingepokea Komunyo. Na nguo yake nyeupe ilikuwa tayari. Nilikuwa nimeiona kwa fundi pale sokoni, imening'inia mlangoni na jina lake limebandikwa kwa pini. Mama yake alikuwa anakuja kutoka Mwea na mchele wa sherehe. Shosho hakuwa na ndoto nyingine kubwa juu ya shule hii, nimekuja kujua baadaye. Hakuwahi kutamani mjukuu awe daktari wala rubani. Alitaka amwone akipokea, basi. Na mtoto angekaa kwenye benchi na nguo ya shule, wenzake ishirini na wanane wakipita mbele yake na mishumaa, kwa sababu yangu.

Nilifanya ninachojua kufanya. Nilikesha nikitengeneza chati. Picha ya padre, kufuli kubwa mdomoni mwake, mishale, rangi tatu. Asubuhi nilimpelekea Sista.

Aliitazama kwa muda. "Umeniletea chati."

"Ni ya Wamuyu, Sista. Ili aelewe siri ya kitubio."

"Ameelewa vizuri kuliko wewe. Mtoto haogopi kitubio, Nekesa. Anakuogopa wewe."

"Basi nifanye nini?"

"Mimi sijui." Alikunja chati yangu akanirudishia. "Ninachojua ni kwamba huyo mama leo anapalilia viazi."

Sista ni mtu wa maneno machache, mtamjua. Amenifundisha kazi yote hii kwa maneno labda mia mbili.

Nilikwenda jikoni nikamwomba Mama Kim aniandikie sentensi sita za Kikuyu.

"Twende wote, nikusemee," akasema.

"Hapana. Nitasema mwenyewe."

"Na hicho Kikuyu chako?"

"Hicho hicho."

"Ngai!" akashika kiuno. "Haya, enda. Mimi nitakuombea na pia nitamwombea yeye."

Sentensi zile niliziandika kwenye kiganja kama mwanafunzi mwizi wa mtihani. Nilizikariri njia nzima, nikiwasemea kondoo na ua. Ikanyesha manyunyu. Nilipofika nilimkuta shosho katikati ya mistari ya viazi na jembe, na sweta ya shule imeanikwa kwenye waya, imefuliwa mpaka imepauka. Wamuyu alikuwa anabeba maganda kuwapelekea kondoo. Aliponiona akasimama.

Sentensi ya kwanza ilitoka. Ya pili ikatoka nusu. Nikatazama kiganja, nikaona wino umegeuka ziwa la bluu. Walimu wenzangu, hofu ile niliyoitoroka tangu bomba la maji ilinirudia. Ningegeuka nikaondoka, lakini viatu vilikuwa vimezama kwenye tope. Basi nikatumia Kikuyu cha sokoni, ndicho nilichokuwa nacho. Nilisema, kwa lugha yake, kitu kama hiki: "Mimi mbaya. Wewe nzuri. Mtoto nzuri, nzuri sana. Pole. Ngoja." Sijui kwa nini niliongeza ngoja.

Shosho aliegemea jembe. Mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, halafu akasema maneno mengi, marefu, akinyoosha mkono kwangu, kwa shamba, kwa mtoto.

"Amesema nini?" nikamuuliza Wamuyu.

Akanitazama. Akamtazama shosho.

"Amesema umejaribu."

"Amesema maneno mengi kuliko hayo."

"Ni hayo tu, ticha."

Mpaka leo sijui shosho alisema nini, na sikumuuliza mtu. Yeye akanipa jembe, akanionyesha mstari. Nilipalilia kwa uangalifu mkubwa na nikang'oa mashina matatu ya viazi nikidhani ni magugu. Shosho alikuja nyuma yangu akiyarudishia udongo.

Wamuyu alibaki karibu. Nilizungumza naye kwa Kiswahili bila kusimamisha jembe, kwa sababu nikimtazama ningeanza kumfundisha.

"Nilisoma kitu ambacho hakikuwa changu," nilimwambia. "Halafu nikakitumia. Kosa ni langu, si lako."

Aliwatupia kondoo maganda machache.

"Na tukifunga shule tena," akasema baadaye, "nani ataongea na shosho?"

"Mimi. Na Kikuyu changu."

"Hataelewa kitu."

"Basi utanisaidia."

"Niseme yote?"

Nilifikiri. Ilikuwa rahisi kujibu "ndiyo", uadilifu uko ukutani. Lakini nilikumbuka njegere zote nilizokula kwa miaka karibu miwili, zawadi kutoka kwa mtu aliyedhani ninamsifu mjukuu wake.

"Nitajaribu kusema maneno ambayo hutalazimika kuyabadilisha," nikamwambia.

Nilipoondoka hakuniaga, na sikujua Jumamosi ingekuwaje. Kama mnataka kitu cha kunakili kutoka kwenye barua hii, nakilini hicho nilichomwambia. Kila mwaka mtakuwa na mtoto anayewapatanisha na nyumbani kwao. Anabeba maneno yenu njiani, anayapima, anachagua yapi yataumiza. Ukweli wa sweta ungeweza kusemwa vingine. Ningeweza kuuliza, "Jumatatu huwa mnaanzia wapi kazi, mpaka matope?" Shosho angeniambia kwamba Jumatatu ni siku ya kupeleka viazi kwenye lori kabla ya kengele, na mtoto anamsaidia kubeba. Nilikuja kuambiwa hivyo na mtu mwingine kabisa. Nilifundisha uwajibikaji ukutani kwa rangi nne, nikamkemea mtoto aliyekuwa nao kuliko mimi.

Jumamosi niliwapanga kanisani kwenye mabenchi, orodha mkononi. Padre alikaa kule pembeni nyuma ya pazia la zambarau. Watoto waliingia mmoja mmoja, wengine wakitoka wanakimbia kama waliotoka kwa daktari wa meno bila kuguswa. Mimi nilikaa benchi la mbele kabisa, kuhakikisha mstari haupindi. Niliweka alama kwenye majina. Ishirini na nane. Jina moja lilibaki wazi, na padre akachungulia kuona kama tumemaliza.

Mlango ukafunguka. Wamuyu aliingia na sweta yake, nywele zimechanwa kwa maji, akatembea katikati ya kanisa hadi mbele, akasimama karibu na pazia. Hakuingia. Aligeuka akaja kwangu.

"Ticha, utakaa hapo?"

"Niko mbali na padre, Wamuyu. Sisikii kitu."

"Masikio yako iko karibu."

Nikainuka nikakaa benchi la tatu. Alirudi kwenye pazia, akanitazama, akapunga mkono: nyuma. Nikaenda benchi la kumi. Nyuma. Nikafika mwisho, kwenye chupa ya maji ya baraka. Alikuwa bado anapunga, mkono mdogo ule, bila hasira, kama mtu anayeelekeza lori kurudi nyuma. Nikasukuma mlango nikatoka nje.

Uwanjani waliomaliza walikuwa wanacheza kati, wakirushiana na kukwepa mpira wa karatasi za nailoni. Nilisimama karibu na tangi la maji. Kutoka pale bado niliona mlango, na mlangoni akatokea Wamuyu, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Akazungusha kidole hewani. Nigeuke.

Nikageuka. Nilisimama nikitazama bati la tangi, orodha yangu ikilowana mkononi, na sikuthubutu hata kuinamisha kichwa pembeni. Sijui nilisimama muda gani. Mwishowe msichana mmoja alinivuta sketi, akaniambia Wamuyu alitoka kwa padre zamani, yuko kwenye mchezo, na amesema sasa naweza kugeuka.